Herufi Mbili

"Soma," msimamizi wa kiwanda alimwambia. "Soma mwenyewe, Mzee Rula, tena kwa sauti."

Mzee Rula alikaza macho ukutani. Mwandiko ulikuwa wake, hilo halikuwa na ubishi. Hapakuwa na mchora mabango mwingine mjini aliyeweza kuivuta M kwa brashi, miguu yake ikakanyaga mstari mmoja bila rula, na ndiyo maana watu wakambandika jina hilo la utani. Juu ya bomba la kuoshea malori, kwa rangi nyekundu, paliandikwa: MAJI HAYA YA KUNYWA.

"Maji haya si ya kunywa," alisoma bila kukwama.

Msimamizi akamtazama mlinzi wa lango. Mlinzi akatazama viatu vyake.

"Hebu nionyeshe hiyo 'si' iko wapi."

Mzee alisogea, akapitisha kidole herufi moja baada ya nyingine, polepole, kama anayepapasa ufunguo gizani. Kidole kilifika mwisho wa mstari. Akakirudisha mwanzo. Jasho jembamba lilimtoka juu ya mdomo, kwa sababu alikuwa ameiona ile 'si' kwa macho yake mwenyewe sasa hivi, na sasa haikuwepo.

"Asubuhi nimemkuta mama mmoja ameshajaza ndoo," mlinzi alieleza kwa upole. "Ana mtoto mgongoni. Nikaipiga ile ndoo teke. Akanitukana matusi yote anayoyajua, akaniuliza, wewe hujui kusoma? Na kweli, mzee wangu. Pameandikwa."

Kiwanda kilikuwa cha kutia nguo rangi, na maji ya bomba lile yalitoka na dawa ambazo hata matairi ya malori hayakuzipenda.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Mke wa mzee alipofariki alifika msibani, alibeba jeneza. "Pole yangu unayo, mzee," alisema. "Lakini hapa mtu angekufa. Njoo kesho uirekebishe. Ukishindwa, namwita yule jamaa wa stika, yeye anachapa kwa kompyuta. Na ujue wenye maduka wote watamfuata huyo."

Hapo ndipo alipofika Mzee Rula: brashi iliyomlisha tangu ujana ilikuwa imebakiza ukuta mmoja.

Si kwamba zamani hakukosea. Alikosea sana, na mji mzima haukujua, kwa kuwa alikuwa na mkewe. Mtu aliye juu ya ngazi, pua karibu na ukuta, haoni neno. Anaona herufi tu, tena kubwa kama mlango. Kwa hiyo mkewe alisimama ng'ambo ya barabara, mikono kiunoni, akisoma kwa sauti kila kilichozaliwa ukutani. Siku moja wakifanya kazi ya bucha alipaza sauti hadi wapita njia wakasimama: "Mume wangu, shuka kabla hatujaaibika. Umewaandikia wauza nyama 'nyanya safi'." Walicheka mpaka rangi ikamwagika. Mwenye bucha alipotoka nje alikuta nyama safi kabisa imeandikwa, na watu wazima wawili wanapangusana machozi.

Mke huyo aliugua kwa muda mfupi, akaenda. Baada ya mazishi watu walimsifu Mzee Rula kwamba amejikaza kiume. Hakulia hadharani, alirudi kazini mapema, alikula alipopewa. Walichokuwa hawakioni ni kwamba usingizi ulimhama. Alilala macho kodo upande wake wa kitanda, na upande wa pili hakuugusa, kama vile una mwenyewe aliyetoka mara moja. Kisha vitu vikaanza kumponyoka. Kopo la rangi akalisahau wazi mpaka likaota ngozi. Chai akaitia chumvi, akainywa yote. Akatoka kwenda kwa kinyozi akajikuta mbele ya shule aliyosoma binti yake, hajui kafuata nini.

Binti alihamia kwake na sanduku moja, akampeleka hospitali. Daktari alimwomba ataje miezi kwa kurudi nyuma. Desemba akaipata, Novemba akaipata, Oktoba akaikuta, Septemba haikuja, akageukia dirisha.

"Ni uzee?" binti aliuliza.

"Unaweza kuwa uzee. Inaweza kuwa huzuni," daktari alisema. "Huzuni nzito ikikaa ndani ya mtu, usingizi hana, inamla kumbukumbu vilevile. Mara nyingine ikipungua, akili hurudi."

"Na isipopungua?"

Daktari alianza kuandika dawa.

Kesho yake baada ya onyo la msimamizi, walikwenda kiwandani wote wawili. Msimamizi aliwaambia wangeweza kuichomeka ile 'si' kwa juu, katikati ya maneno, yaishe. Mzee Rula alikataa katakata. Hajachomeka neno tangu aanze kazi, alisema, yeye si mtoto wa shule. Aliufuta mstari wote kwa rangi nyeupe, akangoja jua liukaushe, akapiga mstari kwa uzi wa chaki. Mikono yake ilijua kila kitu. Binti alimtazama akilainisha brashi kwa mafuta ya taa, akiikung'uta kidogo kwenye ukingo wa kopo, na akathubutu kutumaini.

"Mimi nitasimama ng'ambo," alimwambia. "Kama Mama."

"Haya," alijibu mzee, akapanda ngazi.

MAJI ilitoka imenyooka, yenye afya, ya kupendeza. HAYA ikafuata. Akashuka, akasogeza ngazi, akapanda tena, akachovya brashi, na brashi ikabaki hewani.

"'Si', Baba," binti aliita. "Anza na S."

"Najua."

Akaandika. Mkono haukutetemeka hata chembe. Herufi zilishuka moja moja, nzuri kuliko zote alizopata kuandika, na binti alipoona ya kwanza ni H alifumba macho. Alipoyafumbua ukuta ulisema: MAJI HAYA HAYA.

Mwendesha baiskeli mmoja alipunguza mwendo. "Haya haya, mzee, tumekusikia," alitania, akapita zake. Mtu hawezi kumlaumu, ilichekesha.

Binti alivuka barabara. "Shuka, Baba. Nipe mimi nimalizie."

Alitarajia ubishi. Aliomba moyoni ubishi uwepo, kwa sababu baba huyu hakuwahi kumwachia mtu brashi yake, hata mkewe. Lakini alishuka kimyakimya, akampa, akafuta vidole kwa tambara, akavuka kwenda ng'ambo kama mtu aliyetumwa. Na hilo ndilo lililomuuma binti kuliko maandishi yote.

Alipanda ngazi, akafuta HAYA ya pili kwa tambara lenye mafuta ya taa. Ikaacha doa la waridi. Juu ya doa akaandika SI, kisha YA, kisha KUNYWA, vibaya, N ikiinama, Y kama imeteguka mguu, machozi yakimharibia mstari. Lakini lilikuwa neno, na mtu mwenye ndoo angelielewa.

"Baba," aliita bila kugeuka. "Inasomekaje?"

Ng'ambo, Mzee Rula aliutazama ukuta. M aliijua. A aliijua. Zote alizijua, alizaliwa nazo mkononi, ila kila moja ilisimama kivyake na haikuwa na habari na mwenzake. Alizipitia tena toka mwanzo.

"Baba?"

"Ngoja kidogo," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, karibu ya furaha, sauti ambayo nyumba yao haikuisikia tangu msiba. "Mwite mama yako. Yeye ndiye anayesoma."

Lori lilipita katikati yao. Lilipokwisha pita, binti alikuwa bado juu ya ngazi, amempa mgongo, mkono umeinuka na brashi, rangi nyekundu ikimtiririkia hadi kwenye kiwiko. Upande wa pili baba yake alisimama wima, mikono nyuma, akitazama barabara huku na huku, akingoja.