Boliti za Baba

Mume wangu Msafiri ana jibu moja tu mbele ya baba yangu: "Ndiyo, baba." Baba akisema jua linachomoza Manyoni, kule magharibi linakozama, ndiyo, baba. Tulipooana niliona ni adabu. Siku hizi nikilisikia natamani kurusha sufuria.

Jumamosi ile tulikuwa uani kwa wazazi wangu, Nkuhungu, tukibadilisha bushi za mbele za gari la baba, Noah. Za zamani zilikuwa zimekwisha kabisa. Tairi likiingia kwenye shimo, chuma kinagonga chuma, na kila pigo linaishia mgongoni kwa mama, ambaye alikuwa bado hajapona vizuri baada ya upasuaji aliofanyiwa hospitali ya Mvumi. Safari ya kliniki iliyopita, baba akiwa kwenye usukani, mama alijaza upindo wa kanga mdomoni akauma mpaka tukafika, ili baba asimsikie akilia. Mimi nilikuwa pembeni yake, nilimsikia. Jumatatu alitakiwa kwenda tena.

Msafiri anachomelea mageti, lakini kazi ya bushi aliwahi kuifanya kwenye gari letu, na Ijumaa tukiwa mezani alinieleza. Bushi ni mpira ulio kati ya vyuma, unajipinda mkono wa tairi unapopanda na kushuka. Kwa hiyo boliti zake hukazwa gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Ukikaza tairi likiwa linaning'inia, ukishusha gari mpira unabaki umesokotwa, na hauchukui muda unachanika. Alichukua kitambaa cha vyombo akakikamua mbele yangu ili nielewe. Nilielewa.

Kazi aliifanya vizuri, nampa haki yake. Aliinua gari akaliweka kwenye stendi, akafungua mikono yote miwili ya matairi, akang'oa bushi zilizochoka, akavutia mpya kwa boliti ndefu na maji ya sabuni. Zilikuwa za mwisho dukani. Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki na chai yake, akisimamia. Aliendesha malori maisha yake yote, na tangu astaafu hajapata mtu wa kumwamrisha zaidi ya mama na mkwe wake.

Msafiri alirudisha mikono ile ya chuma, akazungusha boliti kwa vidole tu, akafunga matairi, akavuta jeki ili ashushe.

"Mkwe, hujakaza," baba alisema.

"Nilifikiri tushushe kwanza, baba, halafu..."

"Ushushe gari limelegea? Mimi nimelala chini ya malori wewe hujazaliwa. Kaza."

Nilimwangalia mume wangu. Aliniona, akakwepesha macho.

"Ndiyo, baba."

Akakaza. Kwa nguvu zake zote akakaza, boliti baada ya boliti, matairi yakiwa hewani, kisha akashusha gari juu ya mbao nene alizokuwa ameziandaa ili apate nafasi ya kukazia chini. Mbao zilikuwa pale, zinatuumbua. Baba aliitikia kwa kichwa, akamalizia chai.

Nilimfuata Msafiri bombani alipokuwa ananawa.

"Umeharibu, na unajua umeharibu."

"Erica, yule ni mkwe wangu. Nimwambie nini?"

"Mwambie hapana."

"Wewe umezaliwa humu. Mimi nimeoa humu."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakaziba. Najua kwetu mkwe haambiwi amekosea. Lakini heshima si utumwa, na mgongo uliokuwa unalipia hiyo heshima haukuwa wake. Nilijifunga kitenge sawasawa, nikachukua spana na kipande cha bomba, nikalala chini ya gari.

"Erica, toka huko," sauti ya baba. "Watu watasema nini?"

"Waseme."

Boliti ya kwanza ilikataa. Niliivika spana lile bomba, nikasukuma kwa miguu. Ilipoachia, mpira ulitoa mlio mzito na gari likatulia kidogo, ungesema limeshusha pumzi. Basi nikajua alichonieleza ni kweli tupu. Nililegeza zote, nikazikaza upya moja moja, vumbi likiniingia machoni. Viatu vya Msafiri nilikuwa naviona. Vilisimama palepale mpaka nikamaliza.

Nilipotoka baba hakuniangalia. Alimgeukia mume wangu.

"Mkeo umemlea vibaya."

Nami nikasubiri. Nilimpa nafasi hiyo, Mungu anajua.

"Ndiyo, baba," Msafiri akasema.

Sikumsemesha hadi Jumatatu.

Jumatatu asubuhi tulimtoa mama taratibu, mimi nimemshika huku, Msafiri kule. Baba alikuwa mlangoni mwa gari, mkono ameunyoosha.

"Leta funguo, mkwe. Barabara ya Mvumi mimi naijua."

Anaijua, ndiyo. Anaipita kana kwamba nyuma kapakia mawe. Mama alianza kukunja upindo wa kanga, mara moja, mara mbili, akaushika karibu na mdomo. Msafiri aliuona ule upindo. Nilimwona akiuona.

"Hapana, baba," alisema. "Mama nitampeleka mimi."

Hakupaza sauti. Baba alibaki na mkono hewani, kisha akaurudisha mfukoni, akazunguka gari na kukaa kiti cha mbele. Ndiyo hayo tu. Hakuna mbingu iliyoanguka.

Tulipoiacha lami, Msafiri alipunguza mwendo, na mashimo yakaja. Hakuna kilichogonga. Mama alifumba macho kwenye mashimo ya kwanza, halafu vidole vyake vikalegea na kanga ikamwangukia mapajani. Akalala, kichwa begani kwangu.

Msafiri alinitafuta kwenye kioo, anatabasamu, anangoja nami nitabasamu. Nilijua nilipaswa kumshukuru. Lakini nilikuwa na hasira kuliko Jumamosi. Kumbe neno lenyewe alikuwa nalo siku zote, na halikuwa zito hata kidogo.

Niligeuza uso dirishani, nikamfunika mama miguu.