Nguo za Mwasiti Hazina Tundu

1.

TANGAZO
Wapangaji wote mnatakiwa kuhudhuria kikao cha nyumba Jumamosi, saa nne asubuhi, uani. Ajenda ni moja: uharibifu wa nguo. Atakayebainika atahama siku hiyohiyo.
Mzee Kibwana, mwenye nyumba

2.

Bombani:

— Shuka langu. Gauni la Mama Tausi. Hata shati la mume wa Zamda.
— Na za yule mgeni?
— Nzima.
— Nzima kabisa, shoga?
— Kama zimetoka dukani.
— Basi tena. Tutafute nini kingine?

3.

Kutoka daftari la Zamda, fundi cherehani, chumba cha tatu:

Pamba inatoboka. Poliesta haitoboki.
Ukingo wa tundu ni wa kahawia, ukiugusa unapukutika. Panya hatafuni hivi.
Nguo ikiwa mbichi huoni kitu. Ikikauka, tundu hilo.
Mwasiti ana nguo za pamba tupu. Hazina tundu.

Mwasiti anafulia wapi?

4.

Chini.

Wote wanafulia kwenye ubao mrefu wa uani, na mwenye zamu huupangusa kwanza kwa kitambaa kilekile kinachoning'inia msumarini. Mwasiti alipohamia, mwezi uliopita, Mama Tausi alimwambia, "Ubao ni wa wenyeji, mwanangu." Tangu siku hiyo anachuchumaa kando ya mfereji na beseni lake.

Zamda alikuwepo. Alisikia, akanyamaza.

5.

Ijumaa mchana, nyumba tupu. Zamda alichukua magadi ya kuivishia maharage, akayanyunyiza ubaoni, akadondoshea maji kidogo.

Chwaaa.

Povu jeupe. Akanyunyiza kwenye kitambaa cha msumarini.

Chwaaa.

Ndimu, siki, ukwaju, maziwa yaliyolala: vyote ni vikali ulimini, na vyote vikikutana na magadi huchemka bila moto. Hayo aliyajua jikoni, hakufundishwa na mtu. Lakini ndimu haitoboi shuka. Hiki kilikuwa kikali cha namna nyingine, kisicho na rangi, kinachofanana na maji lakini kisichokauka kama maji. Maji yanaondoka, chenyewe kinabaki na kuzidi ukali.

(Wewe unayesoma, usionje. Zamda aligusa tu, kidole kikamchonyota mpaka alipokisuuza kwa ndoo nzima.)

Mwisho wa ubao aliona alama nne za mraba, zimeungua kidogo, zimepangana vizuri.

Ukubwa wa betri.

6.

Mumewe, Shaibu, hutengeneza betri za sola, zile zinazojazwa maji makali ya tindikali.

"Baba Rukia, betri ukija nazo unaziweka wapi?"

"Kibandani kwangu. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

"Siku hizi unauliza sana." Akacheka. Hakuinua macho kwenye sahani.

Pengine ni fundi mwingine. Pengine ni alama za zamani. Pengine

7.

(Ukurasa huu wa daftari umechanwa.)

8.

Jumamosi, saa nne. Mwasiti alizileta nguo zake zote, zimekunjwa, akaziweka miguuni pa watu.

"Zikagueni. Mimi hata sijui mnatafuta nini."

"Tunatafuta tundu moja tu, mama," alisema Mama Tausi. "Moja la kukuokoa."

Watu wakacheka. Shaibu naye akacheka.

Mzee Kibwana aliingia na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Viti vimejaa. "Msihangaike, nitakaa hapa ubaoni." Akakusanya kanzu, akainama.

"Mzee, usikae hapo!"

Watu wote wakamgeukia Shaibu.

Zamda hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za ubao. Si Mama Tausi, si Mwasiti.

Si Shaibu.

"Kuna nini hapa?" aliuliza Mzee Kibwana, bado ameinama.

Shaibu alimtazama mkewe.

Ndani ya kiganja cha Zamda, ukurasa aliouchana daftarini, umekunjwa mara nne, ulianza kulowa jasho.