Nukta Baada ya "Wamesafiri"

Saa kumi kasorobo alasiri, msahihishaji mkuu wa kiwanda cha uchapaji cha serikali alikuwa akichonga penseli yake nyekundu kwa wembe, maganda yakidondokea kwenye kisosi cha chai. Mbele yake ulikuwa ukurasa wa mia mbili na kumi na nne wa Kitabu cha Mwaka. Chai ilikuwa imepoa tangu mchana na ngozi imetanda juu yake.

Kitabu hicho hutolewa kila mwisho wa mwaka kueleza taifa limefanya nini tangu Januari, na kinachoandikwa humo huwa. Si kwamba watu hukiamini; wengi hata hawakisomi. Huwa tu. Kabla msahihishaji huyu hajaajiriwa, herufi moja ilimponyoka mtu: waziri alikuwa amezindua kisima katika kijiji kikavu kule bara, ikachapwa kisiwa. Wanakijiji wakaamka wamezungukwa na maji ya chumvi pande zote. Walipelekewa mitumbwi miwili na barua ya pongezi. Kisima hawana mpaka leo.

Tangu hapo usahihishaji ukawa kazi ya kuheshimiwa. Msahihishaji huyu walimwita Nukta, kwa sababu hakuna sentensi iliyopita mikononi mwake bila kufungwa, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa bila doa.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa nuksi, tusidanganyane. Lakini Kitabu kina adabu zake. Bei ya mkate ilikuwa imetulia: ilitulia huko huko juu, na mikate ikatulia rafuni, hakuna aliyeigusa. Umeme ulikuwa umepumzika siku themanini. Timu ya taifa ilishiriki kwa heshima. Yote hayo Nukta aliyapitisha bila kukuna kichwa. Kilichomkwamisha ni ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, wenye majina thelathini na saba.

Hao walikuwa walimu na wazazi walioandamana mwezi wa saba kudai shule zifunguliwe, wakapigwa risasi mbele ya posta. Namba kumi na tisa katika orodha alikuwa mpwa wake, binti wa pekee wa dada yake. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na wanafunzi walimpachika jina la Desimali, maana hakukubali jibu la kukadiria hata kwa dawa. Kwenye familia ulikuwa utani wa miaka: mjomba na mpwa wakikaa kiti kimoja, watu husema nukta ya desimali imetimia.

Mkurugenzi wa kiwanda, ambaye zamani alifundisha sarufi, alitaka ukurasa huo ung'olewe. Nukta akajipiga moyo konde, akamwambia majina yabaki. Mkurugenzi hakukasirika. Alisema yabaki, ila litafutwe neno. "Waliuawa" halifai. "Walifariki" nalo halifai, watu watauliza kwa ugonjwa gani. "Wametoweka" ndiyo balaa kabisa, watu wataanza kutafuta.

Nukta alijua Kitabu kina nguvu gani. Akawaza, potelea mbali, mtu aliyesafiri hurudi. Akaandika kwa penseli nyekundu, pembeni mwa orodha: wamesafiri. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa hakuifunga sentensi. Aliiacha wazi makusudi, ili siku moja apate pa kuongezea "na wamerudi."

Mkurugenzi aliposoma alitabasamu, akamvika kilemba cha ukoka mbele ya wafanyakazi wote. Kwa neno hilo moja alimpa likizo ya wiki nzima ng'ambo, yeye na familia yake. Mke wake alipiga vigelegele. Watoto wao wawili hawakulala kwa kuhesabu siku.

Asubuhi Kitabu kilipotoka, mhudumu wa chumba cha maiti cha hospitali kuu alikuta droo thelathini na saba tupu. Aliandika "wamesafiri" kwenye daftari lake, akalifunga, akaenda kunywa chai. Dada yake Nukta, fundi cherehani, alifika saa mbili kama kawaida yake. Ilikuwa miezi mitano akizungushwa, njoo kesho, njoo Jumatatu, mwili hautolewi mpaka barua ije. Siku hiyo hawakumzungusha. Mhudumu alimwambia, "Mama, huyu amesafiri." Akauliza kaenda wapi. Akajibiwa, nje.

Jioni Nukta alikwenda kumwona, furaha imemjaa mpaka inamwagika. Alimweleza kwamba neno ni lake, na kwamba mtu aliyesafiri ni mtu mzima. Dada yake alikuwa akitunga uzi sindanoni. Alisema tu, "Haya, mdogo wangu."

Hoteli waliyopelekwa ilikuwa kando ya ziwa, katika nchi yenye baridi ya kukata masikio. Walipoingia na masanduku yao waliwakuta maiti wote thelathini na saba wamekaa ukumbi wa mapokezi, kwenye makochi na sakafuni, katika nguo walizoandamana nazo. Hawakuwa na mizigo. Mmoja alikuwa bado ameshika bango, amelilaza mapajani kwa adabu asiwasumbue wageni wengine.

Desimali alinyanyuka akaja kuwaamkia. Alivaa blauzi ya buluu ya mikono mifupi, na upande wa kushoto, juu kidogo ya mfuko, palikuwa na tundu la kuingia kidole. Mke wa Nukta alimkumbatia, akaanza kumgombeza: baridi yote hii, ndiyo amekuja na kiblauzi hicho? Mkono wa binti ulikuwa baridi na kifua chake hakikupanda wala kushuka. Mke wa Nukta aliona, akamtolea mtandio kwenye mkoba. Watoto walimvuta dada yao wakacheze karata. Aliwafunga michezo yote, maana hakuwa na tabia ya kumwachia mtu.

Mama wa mapokezi alikuwa na malalamiko yake. Nakala ya Kitabu alikuwa nayo pale kaunta, imeletwa na ubalozi, na ukurasa wa mia mbili na kumi na nne ameukunja ncha. Alisema yeye ana utaratibu. Mgeni ambaye sentensi yake haijafungwa hawezi kumpa chumba, na kumrudisha alikotoka hawezi pia. Basi wanakaa hapo hapo, wanamchafulia zulia. Nukta aliomba radhi kwa niaba yao.

Siku ya tatu, baada ya kifungua kinywa, mjomba na mpwa walikaa kwenye benchi linalotazama ziwa. Mabata yalikuwa yakipita. Nukta alikuwa akitafuta pa kuanzia, lakini binti ndiye aliyeanza.

"Mjomba, neno lile umeandika wewe?"

"Mimi."

"Nililijua. Lina mkono wako."

Akamweleza yote: ukurasa uliotaka kung'olewa, maneno yaliyokataliwa, tumaini lake kwamba akisafiri atakuwa mzima. Desimali alimsikiliza hadi mwisho kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi wanaokosea, bila kuwakatiza.

"Kitabu hakikusema tumefufuka," alisema. "Kimesema tumesafiri. Basi tumesafiri, na tumekufa vilevile. Umekadiria, Mjomba."

Nukta alilia, na hakujificha. Mpwa wake alimwacha alie, kisha akamwambia anachotaka. Alichoka kukaa kwenye zulia la watu. Hasikii njaa, hapati usingizi, na kila asubuhi anaona familia za watu zikienda kupanda boti. Hakuomba kurudishiwa uhai, hilo alijua halimo katika uwezo wa kiwanda.

"Andika tuliuawa," alisema. "Nirudi, Mama anizike."

Nukta aliapa. Aliapa kwa Mungu na kwa watoto wake. Siku ya mwisho walipiga picha ya familia kando ya ziwa, na Desimali katikati. Ilipotoka alikuwa amefumba macho. Walipiga ya pili, ikawa hivyo hivyo, wakaichukua.

Bahati, au ndivyo alivyodhani, Kitabu kilikuwa kikichapwa mara ya pili. Siku ya kwanza kurudi kazini hakupita hata mezani kwa wenzake kuwasimulia safari. Alifungua ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, akakata "wamesafiri" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake "waliuawa". Akaweka karatasi kwenye trei, akala chakula chake cha mchana chote.

Kesho yake Mkurugenzi alimwita ofisini, akamwagizia chai. Aliuliza habari za watoto, na kama ziwa ni zuri kama wanavyosema. Kisha akausogeza ukurasa mbele yake.

"Hii sentensi haijaisha, Bwana Nukta. Ukiandika 'waliuawa', msomaji anangoja 'na'. Waliuawa na nani?"

Nukta alizungusha kikombe kwenye kisosi.

"Mimi nimefundisha sarufi miaka kumi na minne," Mkurugenzi alisema kwa upole. "Sentensi inayomngojesha msomaji ni hatari. Tena ona, mpangaji herufi ameacha mstari mmoja wazi hapa chini, baada ya namba thelathini na saba. Sijui kwa nini. Nafasi ya jina moja hivi."

Nukta aliutazama mstari ule. Ulikuwa mweupe, na urefu wake ulitosha jina lake na la baba yake. Alifikiria watoto. Alimfikiria mke wake, ambaye bado alikuwa akionyesha majirani picha za boti. Hakuna haja ya kumpamba: aliogopa. Alichukua kifutio akafuta "waliuawa" mpaka karatasi ikatoka nyuzinyuzi, akaandika tena "wamesafiri", vizuri, kwa herufi za kusomeka.

Mkurugenzi hakuondoa kidole chake. Alikuwa amekiweka pale neno lilipoishia, penye upenyo.

"Na hapa umesahau kitu. Hapa kiwandani wewe tunakuitaje?"

"Nukta."

"Ehee."

Akaiweka. Ilikuwa nukta moja tu, nyekundu, isiyozidi kichwa cha pini. Mkurugenzi alimshukuru kwa kazi yake, akamwambia habari njema: ile hoteli inaongeza ghorofa mbili, maana mwaka mpya umeanza kwa shughuli nyingi, na likizo yake ya mwakani asiwe na wasiwasi nayo. Nukta alimaliza chai kwa sababu ilikuwa imeshamiminwa.

Kwa dada yake alikuwa amekwenda mara moja tu tangu arudi, akamweleza kwamba amemwona binti, kwamba hajambo, kwamba kuna baridi na kavaa blauzi nyepesi. Habari ya tundu aliiruka. Baada ya ile chai hakwenda tena. Kila Jumamosi alikuwa na udhuru: mara kichwa, mara wageni, mara watoto.

Wiki ya nne dada yake alimwita kwa simu. Nukta alimkuta mbele ya cherehani, miwani imeshuka puani, na juu ya meza kadi yenye picha ya ziwa. Dada yake hakumkaribisha chai. Aliichukua kadi akaisoma kwa sauti ile ile anayosomea vipimo vya wateja.

"Mama, tumepewa vyumba. Changu kinatazama ukuta. Baridi ni kali lakini si neno. Mwambie Mjomba nukta nimeiona."

Nukta alisimama pale mlangoni. Alianza, "Dada, mimi nili..." Dada yake akainua mkono wenye mkasi.

"Sikukuitia hilo. Ingia, kaa."

Akatandaza mezani kitambaa kizito cha kijivu, cha koti. Aliuliza kama binti amekonda. Nukta akasema yuko vilevile. Aliuliza mikono ya koti aifikishe wapi, na kama huko vifungo vikubwa vinavaliwa. Nukta akajibu kila kitu. Futi ya kupimia ilipita mara tatu juu ya kitambaa, kisha dada yake akachukua chaki akaishikilia hewani.

"Upande gani?"

"Upande gani wa nini, Dada?"

"Usinichoshe, mdogo wangu. Nataka niweke bitana mara mbili hapo, upepo usimwingie."

Nukta alitazama mikono yake mwenyewe. Kidole kilikuwa bado na wekundu wa penseli ukuchani.

"Kushoto," alisema. "Juu kidogo ya mfuko."

Dada yake alichora alama ndogo ya msalaba, akaipima kutoka begani, akaipima tena. Hakulia. Aliuliza, huku akiweka pini, kama mwakani watampeleka tena.

"Watanipeleka."

"Basi utampelekea," alisema, akakanyaga cherehani, na Nukta akamshikia ncha ya kitambaa kisiteleze.