Mama Lipu na Nyumba Zilizochoka

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mke wangu amesomesha watoto wetu kwa nyumba za watu waliopuuza hilo. Mwenye nyumba akishaichoka nyumba yake, paa limetoboka, sakafu imechimbika, mlango unafungwa kwa kamba, ndipo mke wangu huvaa viatu vyake vya kazi akaenda kuuliza bei.

Zamani alikuwa fundi cherehani, na mpaka leo anaikagua nyumba kama gauni lililoletwa kurekebishwa. Anaugonga ukuta kwa kidole, anasikiliza, anasogea, anagonga tena. Anakwaruza msingi kwa ufunguo. Anachungulia mbao za paa mpaka shingo inamkauka. Kisha anatoa hukumu, na hukumu huwa moja kati ya mbili: "Hii imeachia mshono tu," au, "Hii kitambaa kimeoza." Iliyoachia mshono anainunua. Iliyooza anaiaga, na hapo dalali hata ammiminie asali masikioni, harudi nyuma. Nimemshuhudia akiikataa nyumba yenye rangi mpya na vigae vinavyong'aa, dalali akabaki mdomo wazi, kisha akainunua ya jirani iliyokuwa imeotwa na mpapai sebuleni. Ile ya vigae ilipasuka katikati kabla mwaka haujaisha. Katika ile ya mpapai anaishi mwalimu na wanawe, na dari yake haina hata alama ya maji.

Wapangaji wanamwita Mama Lipu, kwa sababu haipiti wiki hujamwona na lipu kwenye nywele. Kodi yake ni nafuu, na watu humcheka kwa hilo. Yeye huwajibu kwamba mpangaji anayekesha akiiwaza kodi atahama tu, na akihama nyumba inabaki tupu, na nyumba tupu inakula kuliko mpangaji msumbufu. Waliomcheka wana vibao vya "inapangishwa" vilivyopauka kwa jua. Nyumba zake hazijawahi kuwa na kibao.

Mpaka hapo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ulikuwa mmoja: mke wangu hapangishi nyumba ambamo hajaishi mwenyewe. Anasema nyumba haiongei na fundi, inaongea na anayepika ndani yake. Kwa hiyo akinunua gofu, tunahamia kwenye gofu. Ukweli ni kwamba ana sababu. Kuna nyumba ambayo moshi wa jiko ulikuwa unaingia moja kwa moja chumbani kwa watoto, na hakuna fundi aliyeliona hilo, kwa kuwa mafundi walikula chakula cha kununua. Alipopika siku mbili akahamisha dirisha. Kuna nyingine mlango wa bafu ulifungukia ndani, anayeingia anampiga anayeoga. Mimi ndiye niliyekuwa naoga. Mlango ukageuzwa siku hiyo hiyo, nami nikabaki na nundu.

Sasa nisikilize mimi. Nilikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Ujana wangu wote nililala nyuma ya kiti, miguu imekunjwa, mlango nimeufunga kwa mnyororo, nikiota kitu kimoja: kitanda kisichohama. Nilipostaafu nikasema, haya, sasa nimefika. Kumbe nilikuwa nimepanda lori jingine, na dereva wake hafungi breki. Nyumba ikianza kupendeza, mkono wangu ukishaizoea swichi ya taa, ananiambia, "Baba, kusanya nguo, mpangaji anakuja." Rafiki zangu wakiniuliza kama nimejenga au nimepanga, nilikuwa nawajibu sijajenga wala sijapanga, mimi nimepangwa.

Ndipo tukaja kwenye nyumba ya kona. Ilipoanza ilikuwa aibu, mbuzi wa mtaa walikuwa wakiifanya zizi. Akaikwangua, akaipiga lipu, akabadilisha mabati upande wa jikoni, akajenga na baraza mbele. Upepo wa jioni ukija unaingia barazani, unapita sebuleni, unatokea jikoni bila kugonga kitu. Niliweka kiti changu pale barazani, nikakaa, na mwili wangu ukasema basi.

Nilimkuta akiondoa rangi kwenye kioo cha dirisha kwa wembe.

"Hapa sihami," nikamwambia.

"Nani kakuhamisha?"

"Nakujua wewe. Kesho utaniambia nikusanye nguo. Nimelala kwenye lori nusu ya maisha yangu, nikaja kulala kwenye magofu yako. Nataka kitanda kikae mahali pamoja mpaka nife."

Hakugeuka. Aliipuliza ile rangi iliyotoka kwenye wembe, akaendelea na kona ya kioo.

"Basi kaa," akasema. "Hii yako."

Nilidhani ananitania. Lakini wiki ile ile fundi seremala alileta kitanda kipya kipana, akakifunga chumbani. Na alipokuja muuguzi mmoja, mama wa watoto watatu, ambaye alikuwa akiipitia nyumba ile kila akitoka zamu akiombea iishe, nilimsikia mke wangu mlangoni: "Hii ina mwenyewe, mwanangu. Ni ya mume wangu." Muuguzi alisema ahsante, akaitazama baraza mara moja, akaondoka. Nilivimba kichwa siku nzima.

Halafu akanunua ghala moja la zamani chini ya mteremko, la vyumba vinne vya mstari mmoja. Akafunga vyombo vichache, akawaagiza vibarua wabebe kitanda chetu cha zamani.

"Unakwenda wapi?" nikauliza.

"Kuishi kule. Nikiwaachia mafundi peke yao watanipitishia bomba juu ya kichwa cha mtu aliyelala."

"Na mimi?"

"Wewe si ulisema huhami? Nilikusikia, baba. Chakula kipo, gesi imejaa, nitakuwa napita."

Laiti angesusa. Mke akisusa mtu unajua pa kuanzia, unanunua kitenge, unaita shangazi, yanaisha. Yeye aliondoka akiimba, na jioni alipita kweli na mboga, akaniuliza kama nimekunywa dawa ya presha, akarudi kwake kwenye vumbi. Alikuwa ameninunulia nilichokiomba, na alikuwa hadai hata shukrani.

Siku za mwanzo nilifaidi. Nililala kwa kujitanua kama mfalme. Nilikaa barazani na redio yangu, nikawasalimia wapitao, wakanipongeza kwa nyumba nzuri. Lakini nyumba nzuri haina habari mpya. Maji yanatoka, mlango unafungika, hakuna anayekuamsha akuulize kama ukuta huu umepinda au ni macho yake. Nilijikuta nagonga kuta kwa kidole. Zote zilikuwa nzima. Nikawa naandaa maneno ya kumrudisha: kwamba ametimiza umri wa kupumzika, kwamba vyumba vile anaweza kuvipitia asubuhi na jioni tu, kwamba nyumba ya watu wawili hailaliwi na mmoja. Niliona ni maneno mazuri na nikayafanyia mazoezi.

Mchana mmoja mvua ikanyesha, ile inayokuja bila salamu. Nikajaza chai kwenye chupa, nikachukua mwavuli, nikateremka mpaka ghalani na hotuba yangu kichwani. Nilimkuta fundi mwashi, anayefanya kazi na mke wangu tangu nyumba ya kwanza, amesimama kwenye kizingiti akingoja mvua ipungue.

"Mama kaenda dukani, misumari ya bati imetuishia," akasema. "Ingia, mzee, utalowa."

Chumba alicholala mke wangu kilikuwa cha mwisho. Bati lilikuwa na matundu, na maji yalikuwa yanadondoka karibu kila mahali, sakafu inang'aa. Kitanda chetu cha zamani hakikuegemezwa ukutani kama vitanda vya watu. Kilikuwa katikati ya chumba, kimewekwa mshazari kama lori lililokosea kuegeshwa. Nusu yake moja ilikuwa kavu kabisa, shuka limenyooshwa, blanketi langu la zamani limekunjwa, mto wangu wa zamani uko mahali pake. Nusu ya pili ilikuwa na mabeseni mawili na sufuria, na matone yanavipiga kwa zamu.

"Hiki kitanda mbona kimekaa hivi?" nikauliza.

"Si ndipo pakavu hapo. Mvua ya kwanza alizunguka humu ndani kanyoosha mkono, anatafuta pasipovuja. Alipopapata akaniambia, haya, upande wa dereva uje hapa."

"Mimi si naishi kule juu?"

"Hayo ya kwenu mimi siyajui, mzee. Mimi naambiwa niweke kitanda, naweka." Akanitazama kama anayehakikisha kwamba simtanii. "Kila nyumba anafanya hivyo. Anakupimia wewe kwanza, yeye anajibanza panapobaki. Ulikuwa hujui?"

Katika nyumba zote zile nilizokuwa nazilalamikia, vumbi, nyundo, milango isiyo na komeo, sikuwahi kudondokewa na tone hata moja nikiwa nimelala. Nilikuwa nikijiambia kwamba nina bahati na mapaa. Niliketi kwenye ncha ya kitanda, upande wangu, nikiwa na chupa ya chai mapajani, na nilimpenda mwanamke yule kuliko siku niliyomwoa, na siku ile nilikuwa nimevaa suti.

Aliingia akikung'uta kanga yake, na mfuko wa misumari mkononi. Fundi akatuachia chumba.

"Umekuja na mvua yote hii?" akasema. "Si ungengoja."

"Unalala wapi wewe?"

"Hapo."

"Hapo kwenye mabeseni?"

"Nayasogeza."

"Na huku pakavu mbona hulali? Mimi sipo, mama. Nani anakuzuia?"

Akaitundika kanga kwenye msumari, akaivuta pembe zake zikae sawa.

"Nikipazoea, ukija nitakunyima," akasema.

Ile hotuba yangu sijui iliishia wapi. Niliondoa beseni moja, nikaondoa la pili, nikaiweka sufuria chini. Nikavua viatu, nikajilaza palipokuwa pamelowa. Godoro lilinipokea kwa ubaridi uliopenya mpaka kwenye mbavu.

"Huo upande wangu," akasema.

"Lala huko wewe, unyooshe mgongo. Umetembea na misumari."

"Na nyumba yako?"

"Muuguzi yule bado anaitaka?"

Akanitazama. Kisha akazunguka kitanda, akapanda upande mkavu polepole, kama mtu anayeingia nyumba ya wenyewe, akaweka kichwa kwenye mto wangu. Juu bati lilikuwa linapiga kelele.

"Linakupata?" akauliza baada ya kitambo.

"Nini?"

"Tone."

"Halinipati," nikamwambia, na maji yalikuwa yananiingia shingoni.