Leo Sikugusi

Fundi wa makochi alipiga chafya moja tu, akiwa ameinama kukaza kitambaa kwenye fremu ya kiti, akaanguka kifudifudi juu ya sponji. Mkewe, aliyekuwa akifanya kazi naye, kwanza alicheka. Kisha akaona mumewe hainuki.

"Miguu," alisema fundi. "Yote miwili. Kama imepigwa na umeme."

Mgongo ulikuwa ukimsumbua tangu alipopandisha kochi la watu watatu hadi ghorofa ya nne. Hospitali walimpiga picha, wakasema mifupa iko sawa, wakampa vidonge. Vidonge vikamlaza usingizi, maumivu yakabaki macho. Ndipo mkewe alipopata habari za tabibu anayenyoosha uti wa mgongo kwa mikono, mmoja wa wale wanaoitwa wataalamu wa kairopraktiki. Alikuwa mama mfupi mwenye viganja vipana, na chumba chake kilikuwa juu ya duka la miwani. Walikwenda mara mbili. Mgongo ulilia ko, na fundi akatoka akitembea kama bwana harusi.

Dada yake fundi, muuguzi wa wodi ya upasuaji, hakufurahi hata kidogo.

"Wifi, huyo mama anabahatisha," alimwambia mke wa fundi. "Atamvunja kaka yangu, halafu mniletee mimi nimgeuzegeuze kitandani."

"Nyinyi mlimlaza, wifi. Yeye amemwamsha."

Tangu siku hiyo walikuwa wakisalimiana kwa ncha ya ulimi.

Baada ya ile chafya fundi alikataa katakata kwenda hospitali. Kesho yake asubuhi alijikokota hadi chooni akakaa humo mpaka mkewe akagonga mlango. Alitoka anatiririka jasho. "Usinifuatefuate," alisema. "Nipeleke kwa yule mama. Aniguse pale kiunoni, basi, yaishe."

Mke aliita teksi. Hofu ilimshinda, akampigia simu wifi yake pia. Walimkuta tayari kwenye ngazi za duka la miwani, bado amevaa sare ya kazi.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kuona kwa macho yangu."

Tabibu hakumlaza fundi kitandani. Alimsimamisha, akamwambia atembee kwa visigino. Mguu wa kushoto ulikataa; kidole gumba kilikwaruza sakafu. Tabibu akauchunguza mguu huo.

"Ganzi unayo?"

"Kidogo."

"Wapi?"

Fundi alitazama dari. "Huku huku."

"Umekojoa leo?"

"Ndiyo," alijibu upesi mno.

Mkewe alimtazama. Alijua mumewe ni mtu wa haya. Hata nguo zake za ndani alizianika mwenyewe, nyuma ya mashuka. Na sasa alikuwa kati ya wanawake watatu, mmoja ni dada yake wa kuzaliwa naye. Kumuumbua hapo kungekuwa kama kumvua nguo sokoni. Mke akamgeukia tabibu.

"Hajakojoa," alisema. "Tangu jana."

"Mke wangu!"

"Utanichukia baadaye."

Fundi alishika ukingo wa kitanda. "Mkojo unanibana lakini hautoki," alisema kwa sauti ndogo. "Na hapa ninapokalia pamekuwa kama si pangu. Ninyooshe, mama. Ukikaza mara moja tu, patafunguka."

Tabibu aliingiza mikono yake mifukoni mwa koti.

"Leo sikugusi."

"Juzi ulinigusa nikapona!"

"Juzi ulikuwa na mgongo unaouma. Leo, nahofia kile kisahani kati ya pingili kimechomoka, kinabana mishipa ya miguu na ya kibofu. Nikisukuma, naweza kukumaliza. Unahitaji kisu, na unakihitaji sasa hivi."

Alipogeuka kumtafuta muuguzi, muuguzi alikuwa tayari ana simu sikioni. "Niitie daktari wa zamu," alikuwa akisema. "Mkojo umeziba, anaburuta mguu. Namleta mwenyewe. Andaeni mashine ya picha."

Walimkalisha fundi kwenye kiti, wakamshusha ngazi. Mke na wifi walishika miguu ya mbele ya kiti. Tabibu alibeba nyuma, akihema, akiwaambia wasimtikise. Fundi alifumba macho njia nzima.

Jua halijazama, alikuwa tayari chumba cha upasuaji. Kwenye benchi la nje, mke alishindwa kuvumilia.

"Niambie ukweli, wifi. Ni mimi? Ni ile mikono niliyompeleka?"

Muuguzi aliketi kando yake. "Tangu asubuhi nataka kusema ndiyo," alisema. "Lakini sijui. Kuna wanaoumizwa na mikono, nimewauguza. Kuna wanaofikia hapa kwa chafya tu. Hakuna atakayekuambia kwa uhakika." Akavuta pumzi. "Ila tapeli angemlaza pale kitandani. Wewe nawe ungenyamaza, tungekuwa bado tunabishana."

Daktari alitoka na habari nusu: mishipa imeachiliwa, sasa wasubiri waone kama itaamka. Siku mpira aliowekewa wa kutoa mkojo ulipotolewa, fundi alishinda akinywa maji na kutazama ukuta. Alasiri alijifungia chooni. Mke na wifi walisimama nje ya mlango, wameshikana mikono bila kujua.

"Imetoka!" fundi alipiga kelele, haya yote imemwisha, na wodi nzima ikaangua kicheko.

Mguu wa kushoto haukurudi wote. Kiatu chake cha kushoto sasa huisha nchani. Daktari alimkataza kunyooshwa tena mgongo, naye akatii. Lakini wenzake yule dada muuguzi, wanaoumwa viuno kwa kunyanyua wagonjwa walipoanza kumuuliza kama ni sawa kwenda kwa yule mama wa juu ya duka la miwani, hakuwakemea kama zamani.

"Kama ni maumivu ya kawaida, nenda, wengine yanawapungua," huwaambia. "Ila usikubali kuguswa kabla hujaulizwa. Na ukiulizwa, usione haya."