Riwaya Niliyomsifia Mzee Kamali

Ndiyo, mimi ndiye ninayewapendekezea wasomaji wa kilabu chetu hapa Kamembe, Rwanda, riwaya kila Jumapili, za kale na za juzi, na sina haya kusema hii mbovu, hii soma. Lakini sikumwambia mtu afe.

Mzee Kamali ni fundi cherehani, anaishi peke yake mtaa wa Gihundwe tangu afiwe na mkewe. Mwanawe wa pekee, Hakimu, yuko Bukavu, Kongo, ng'ambo tu ya daraja, na tangu mazishi ya mama yake hajavuka kumsalimu baba. Jambo hilo lilimla mzee moyo: je, mtoto bado ananipenda? Wiki iliyopita nilisifu riwaya ya kale ya kejeli, ambamo mfalme anatangaza kifo chake ili ajue nani atamlilia. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kamali hakucheka. Aliiazima, akairudisha akisema mfalme alikosea kitu kimoja, kuwashirikisha watu wengi mno.

Yeye hakumshirikisha yeyote. Leo alfajiri alimtumia Hakimu ujumbe kwa simu yake mwenyewe, akijifanya jirani, kwamba baba amefariki. Kisha akazima simu, akajifungia ndani kumngoja. Jamani! Muislamu mzima, akasahau kwamba kwetu maiti hacheleweshwi. Kabla Hakimu hajafika mpakani alikuwa ameshapiga simu msikitini. Asubuhi hiyohiyo sanda ikanunuliwa, vijana wakaenda kuchimba kaburi, na sisi wanawake tukajaa uani tukilia. Mlango tuliukuta umefungwa kwa ndani, tukaona mwanawe ndiye auvunje.

Hakimu akaingia mbio, miguu peku, machozi yanamchuruzika, akaupiga mlango kwa bega. Ukafunguliwa kutoka ndani. Kamali akatoka na kanzu safi, anatabasamu, amekunjua mikono amkumbatie mwanawe.

Mama mmoja alizimia. Mimi nikakaa topeni. Sijawahi kuona mzee akifurahi hivyo: jibu lake alikuwa amelipata, mtoto anampenda.

Hakimu hakumkumbatia. Alimtazama mpaka tabasamu likamtoka mzee, akasema polepole, kwa Kiswahili cha Bukavu:

"Papa, nimeisha kukulilia. Siku utakufa kweli, bakuzike tu. Miye sitavuka tena."

Akapita katikati yetu, akashika njia ya mpakani.