Saa Mbili Kitandani, Saa Mbili Ukutani

"Mafigo yake yameoza!" Msimamizi alitangaza mbele ya wapiga pasi wote, akipepea karatasi ya vipimo kama anayefukuza nzi. "Sitaki maiti kiwandani kwangu!"

Kiwanda hakikuwa chake. Alikuwa msimamizi tu, na wafanyakazi walimwita Kengele akishawapa mgongo. Aliyemtangaza alikuwa mke wa mdogo wake, binti wa miaka ishirini na mbili, ambaye Kengele hakumpenda tangu siku ya kwanza alipoletwa nyumbani. Katika upimaji wa afya wa kiwanda, mkojo wa binti huyo ulichukuliwa saa tisa alasiri, baada ya kusimama kwenye meza ya pasi tangu asubuhi, ukakutwa na protini. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari. Ilibaki saini ya daktari.

Kesho yake wakakutana zahanati. Daktari, mama wa makamo asiye na maneno mengi, hakugusa kalamu.

"Umewahi kupima mkojo wa asubuhi, ukiamka tu?"

"Hapana, daktari."

"Mtu akisimama, damu hushuka miguuni na figo hupata kidogo. Wapo vijana ambao protini huwatoka wakiwa wima tu, wakilala, inakoma. Huo si ugonjwa wa kutisha. Niletee wa asubuhi."

"Atuletee wa jirani?" Kengele alidakia. "Huyu namjua, mjanja kupindukia!"

Uso ulimwaka binti. "Basi nipimwe hapa hapa, wifi. Kaa uniangalie."

Akaenda msalani kumaliza mkojo wa awali, akanywa maji, akalala chali. Kengele akavuta kiti hadi kando ya kitanda, na kwa saa mbili mdomo haukupumzika. Mdogo wake amekonda. Nyumba haina mtoto. Tumbo kavu, na sasa hata mafigo! Binti aliuma meno, macho kwenye dari. Mikono ilimwasha. Lakini akiinuka tu, kipimo kimeharibika, na Kengele alilijua hilo vizuri.

Muda ulipotimia, daktari alichovya kijiti cha kupimia kwenye mkojo mpya. Kikabaki njano.

"Safi. Sasa simama."

Akasimama ukutani saa mbili nyingine, miguu ikijaa. Safari hii kijiti kiligeuka kijani: protini ilikuwa imerudi. Daktari akaandika: anafaa kazi, apimwe tena baada ya miezi sita.

"Basi ni mgonjwa wa kusimama," Kengele alisema. "Na kwangu watu wanasimama."

"Kwako wapi?" Binti aliikunja karatasi ya daktari. "Hii naipeleka kwa meneja mwenyewe. Na uliyosema kuhusu tumbo langu, utayarudia leo mbele ya mdogo wako."

"Sina muda huo."

"Utaupata."

Jioni, nyumbani kwa binti, Kengele alikana yote, akaapa, akalia. Mume alimtazama dada yake, akamtazama mkewe, kisha akasema amechoshwa na ugomvi wa wanawake. Akavaa viatu, akatoka.

"Umeona?" Kengele alifuta machozi, akitabasamu.

Binti akafungua mlango, akaushika. "Toka."

Jumatatu alikuwa kwenye pasi yake, kwa amri ya meneja. Kengele alipita mara nne bila kusimama. Nyumbani binti aliendelea kumwekea mume chakula mezani. Maneno hakumpa.